Maombi Manne ya Binti Mmoja

Kosa la kwanza lilikuwa kuibandika ile karatasi ya matokeo kwenye kioo cha saluni.

Saluni yenyewe ilikuwa sebule ya nyumba. Makochi yalisukumwa ukutani, vikafungwa vioo viwili, ikaletwa draya moja kuukuu ambayo ikiwashwa taa za nyumba nzima zinapepesa, basi, kazi ikaanza. Hapakuwa na mlango wa kuwatenga wateja na familia, na hata ungekuwepo mwenye saluni asingeufunga. Aliyekuja kusuka alijua humo ndani kumepikwa nini, nani kanuniana na nani, na nani bado hajaamka. Na miezi hiyo ambaye hajaamka alikuwa mmoja tu: Daktari.

Daktari alikuwa na miaka kumi na saba na hajawahi kumtibu mtu. Jina alilipata akiwa na miaka saba, siku aliyomfunga bendeji kuku wa jirani aliyekuwa akichechemea. Kuku akapona, akatembea mtaani wiki nzima kwa maringo, kisha akaliwa. Jina halikuliwa. Likapanda mpaka kwa wazazi: mama mwenye saluni akawa Mama Daktari, na baba, fundi wa kuchora mabango, akawa Baba Daktari. Miaka kumi watu wawili wazima wakaitwa kwa kazi ambayo mtoto hajaiomba. Baba ndiye aliyenogewa zaidi. Akienda kupatana kazi ya bango la duka alijitambulisha kwa jina hilo, akikohoa kidogo kabla ya kulitaja, na wapo wateja walioamini kabisa kwamba nyumbani kwake kuna zahanati.

Matokeo ya mtihani yalipotoka yalikuwa mazuri. Si ya kutangazwa redioni, lakini ya kumfikisha mtu chuo cha maana. Mama Daktari akayachapisha steshenari, akayabandika katikati ya kioo, penye macho ya kila anayekuja kutengenezwa kichwa. Vyote vikaonekana: alama, kipicha cha pembeni, na namba ya mtihani tarakimu kwa tarakimu.

Mwenye matokeo akayatazama mara moja, akasema, "Asanteni," akarudi kulala. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Ilipofika wiki ya kumi na moja alikuwa bado amelala.

Saluni haikukosa maelezo.

"Ni uchovu wa mitihani huo," alisema mmoja chini ya draya, kwa sauti ya juu kama wasemavyo wote walio chini ya draya.

"Uchovu gani wa miezi? Mapenzi hayo. Kuna mvulana."

"Mvulana gani, na mtoto hatoki hata kuoga?"

"Si ndiyo maana? Kaachwa."

Shangazi, dada yake baba, alikuja kila siku kusaidia kusuka na kusaidia kusema, naye alikuwa na lake. "Anadeka. Mnyimeni chakula siku mbili, mtaona kama hajaja kuchungulia sufuria."

Hawakumnyima, ila siku moja waliacha kumpelekea, waone. Hakuchungulia. Jioni mama yake akaingia na sahani, akamkuta yupo macho, anatazama dari. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi masikioni, wala hayafuti, na hakuwa hata na kilio. Yanatoka tu, kama bomba lililosahauliwa.

Kesho yake Mama Daktari alifunga saluni saa nne asubuhi, jambo ambalo mtaa ulikuwa umelishuhudia mara moja tu, siku ya kumzika mama mkwe wake. Akamshika binti mkono hadi zahanati. Nesi akakaa na binti peke yao saa nzima, kisha akamwita mama na kumtajia neno: sonona. Akamweleza kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa na una mazungumzo, arudi kila baada ya wiki mbili, na jambo moja tafadhali: asisukumwesukumwe.

"Sonona!" Shangazi aliposimuliwa alilitafuna hilo neno kama ubani. "Wenzenu zamani tuliita kununa, na dawa yake ilikuwa fagio."

"Wifi," alisema Mama Daktari, "shika kichwa cha mteja."

Asisukumwe. Hilo walilielewa vizuri, wakalitii kwa namna yao. Hawakumsukuma tena. Walichofanya ni kumfanyia kila kitu wao wenyewe, kimyakimya.

Baba alikuwa wa kwanza. Aliinakili ile namba kwenye kiganja, akaenda kwa dada wa steshenari, akamwombea bintiye nafasi ya udaktari kwenye chuo kikubwa kilicho mbali, kile chenye geti la vyuma vya kupinda ambalo baba alikuwa akilitamani kama mchoraji. "Iwe siri," akamwambia dada wa steshenari. "Nataka kumfurahisha."

Siku mbili baadaye akafika Shangazi, akaomba sheria. "Mtoto mwenye kimya kile," alisema, "siku akija kufungua mdomo mahakamani hakimu atalia. Iwe siri."

Halafu Mama. Yeye aliomba uhasibu. Hakuwa na mapenzi yoyote na uhasibu, ila chuo kilikuwa jirani, kona mbili tu, mtoto angeweza kurudi mchana kula. Naye akataka iwe siri.

Wa nne hakuwa hata ndugu. Alikuwa mwuza mitumba, mteja wa kila Jumanne, mwanamke mwenye moyo mkubwa na shughuli chache. Alikuwa ameikariri namba ile kwa bahati mbaya tu, kwa kukaa mbele ya kioo saa tano mfululizo, akaona ni vibaya kuwa na kitu kichwani bila kukitumia. Akamwombea mambo ya hoteli.

Dada wa steshenari alijua yote manne. Lakini alilipwa kwa kila fomu, na kama kuna mtu mmoja mtaa mzima aliyejua kutunza siri, alikuwa yeye.

Jumanne, saa nane mchana, simu nne zililia saluni kwa mpigo mmoja.

Baba alikuwa amepita kunywa maji, simu mfukoni. Mama alikuwa na chanuo mdomoni. Shangazi alikuwa ameshika rasta ya mwuza mitumba, na mwuza mitumba alikuwa ameshikwa. Kila mmoja akageukia pembeni kusoma kwa siri, na kila mmoja akabadilika sura. Ujumbe ulikuwa uleule: *Namba hii ina maombi manne. Maombi yote yamesimamishwa. Mwombaji afike mwenyewe ofisi kuu ya udahili wa vyuo kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Asipofika yatafutwa, na ataomba tena mwaka ujao.*

"Manne?" alisema Baba. "La kwangu ni moja."

"La kwako lipi?" akauliza Mama, akitoa chanuo.

"Kwani na wewe unalo?"

"Jamani," akasema Shangazi, "mbona mnaniangalia mimi? Mimi nililifanya kwa nia njema."

"Hata mimi," akasema mwuza mitumba.

Wote watatu wakamgeukia.

"Wewe!" Shangazi akaiachia ile rasta. "Wewe umeombaje chuo cha mtoto wa watu?"

"Si mlimbandika kioo kizima? Ningeangalia wapi?"

Wakarushiana maneno mpaka mteja mwingine, aliyekuwa akiosha kichwa, akainua uso wenye povu na kuuliza swali la maana kuliko yote ya siku hiyo. "Sasa huyo mwombaji atakayefika mwenyewe ni nani?"

Macho yote yakaenda kwenye lile pazia la chumba cha Daktari. Ilikuwa Jumanne. Mtoto aliyeitwa afike mwenyewe alikuwa hajafika mwenyewe hata jikoni. Na mwaka mwingine mzima nyuma ya lile pazia ni kitu ambacho mama yake hakutaka hata kuanza kukiwaza.

Nyuma ya pazia Daktari alikuwa amesikia kila neno, maana pazia ni pazia tu. Walipofika kwa mwuza mitumba na hoteli, kitu kilimtoka puani kikakaribia kuwa kicheko. Kisha kikamzamia tena. Alijaribu kujiona katika kila moja ya yale maisha manne. Akajiona amevaa koti jeupe, akajiona amebeba mafaili, akajiona anahesabu, akajiona anakunja taulo kwa umbo la bata. Lakini picha zote ziliishia pamoja: kitanda cha bweni, asubuhi, mwili mzito kama godoro lililonyeshewa, na nje ya mlango mtu anasema, huyu ni mvivu.

Shida yake haikuwa asomee nini. Shida ilikuwa asubuhi.

Jumatano akajifunika shuka gubigubi, akachukua simu yake, akavipigia vyuo vyote vinne. Alikuwa na swali moja tu.

"Mwanafunzi akishindwa kuamka asubuhi, huwa mnafanyaje?"

"Ameshindwa kwa sababu gani?" aliuliza mtu wa chuo cha udaktari.

"Ameshindwa tu."

"Hapa hatuna wa hivyo," akajibiwa, na simu ikakatwa.

Chuo cha sheria kilikuwa na utaratibu. "Anaandikiwa barua ya onyo. Ya pili, ya onyo kali. Ya tatu ni ya kumsimamisha."

"Na akishindwa kuamka kuzisoma?"

"Zinabandikwa mlangoni."

"Kwa nje au kwa ndani?"

Huyo naye akakata. Uhasibu hawakupokea, walimpigia muziki mpaka salio likaisha, ikabidi amwombe mama yake amwongezee, na mama akaongeza bila kuuliza, kwa kuwa mtoto ameomba kitu. Chuo cha hoteli walipokea kwa furaha kupita kiasi. "Karibu sana, mpendwa! Akishindwa kuamka? Ooh, atakosa kifungua kinywa, na kifungua kinywa chetu ni cha nyota tano!"

Daktari akashukuru, akaizima simu, akageukia ukuta. Alikuwa amejaribu. Nesi alikuwa amemwambia kujaribu kunahesabika, lakini nesi hakusema kunahesabika na nani.

Alhamisi mchana kiu ilimwamsha, na kwa kuwa mama alikuwa na mikono miwili ndani ya dawa ya nywele, akatoka mwenyewe kwenda kuchota maji. Watu saba wakajifanya wanatazama kucha zao.

Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi mmoja mstaafu wa posta, ambaye kila akiwekwa chini ya draya huvua meno yake ya bandia na kuyaweka kwenye glasi, kwa sababu, alisema, mtetemo wa mashine ile huyafanya yazungumze yenyewe. Glasi ilikuwa mezani, karibu na jagi la maji. Daktari akajaza kikombe chake, akaanza kuondoka. Kisha akarudi. Akainama.

"Bibi, naomba niyashike?"

"Mungu wangu," Shangazi akanong'ona.

"Yashike, mjukuu wangu," alisema bibi, kwa midomo iliyoingia ndani. "Hayang'ati nikiwa simo."

Daktari akayatoa majini, akayageuza kwenye mwanga. Alikuwa akidhani meno ya bandia ni safu moja nyeupe, kama vibao vya ua. Haya kila jino lilikuwa na sura yake. Ufizi ulikuwa na mishipa, myembamba mno. Na moja la mbele lilikuwa limelalia mwenzake.

"Hili limepinda," alisema.

"Nililiagiza hivyo. La kwangu la kuzaliwa lilikuwa limepinda, na marehemu mume wangu alinioa kwa hilo, alisema mwenyewe. Nikamwambia fundi, ukilinyoosha sikulipi. Alilala nalo siku tatu, akanirudishia mdomo wangu."

Daktari akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini watu saba walikisikia, na mama yake akaigeukia sinki na kufungua maji bila sababu yoyote.

"Kwani kazi hii inasomewa?" akauliza Daktari.

Kumwuliza yule bibi swali ni kama kumfungulia mtu bomba la zimamoto. Alimjua fundi wake, mama wa fundi, ndoa ya kwanza ya fundi na sababu za kuvunjika kwake. Fundi alikuwa amesoma kwenye chuo kidogo cha mafundi wa maabara ya meno, mwendo wa saa mbili kwa basi, chenye wanafunzi wasiozidi arobaini na kamba za nguo uani kama nyumba ya watu. Namba ya simu ya chuo ilikuwa nyuma ya kadi ya fundi, ambayo bibi alikuwa nayo mkobani. Daktari akaipiga picha, akarudi nyuma ya pazia na kikombe chake.

"Meno," alisema Shangazi, akifuta jasho. "Tumefikia kushika meno ya watu."

"Ametoka," alisema Mama Daktari. "Angeshika hata bomu."

Simu ya chuo kidogo haikupokelewa na karani, aliyekuwa ameenda kula. Ilipokelewa na matroni wa bweni, mwenye sauti ambayo ingefika bila simu.

"Mwanafunzi akishindwa kuamka asubuhi," alianza Daktari, "huwa mnafanya—"

"Ni wewe?" akauliza matroni.

Wengine wote hawakuuliza hilo. Daktari akaifinya shuka. "Ndiyo."

"Basi ninaye mwingine kama wewe hapa. Saa moja namgongea. Akipata siku mbaya, darasani nawaambia mimi, haandikiwi kitu. Muhula mmoja alipumzika kabisa nyumbani kwao, karudi kakuta kiti chake. Kliniki iko ng'ambo ya barabara. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Vizuri. Lakini nikuambie ukweli, mwanangu, usije ukasema hukuambiwa: chakula chetu ni kibaya."

Ijumaa Daktari alifumbua macho saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili alikaa kitandani. Saa tatu alikuwa na soksi moja mguuni na nyingine mkononi, anaiangalia, na akaiangalia mpaka saa nne na nusu. Huku sebuleni watu walikuwa wamezuia pumzi tangu alfajiri. Waliambiwa wasimsukume, na hawakumsukuma, lakini kutosukuma kule kulisikika mpaka chumbani. Shangazi alikuwa ameuma chanuo hadi jino moja likakatika, la chanuo. Baba alikwenda kupiga kigari chake stati, akazima, akapiga tena, akazima.

Saa sita na robo pazia likafunguka. Daktari amesimama, amevaa, ameoga, viatu vyote viwili. Na blauzi ameigeuza nje ndani.

Hakuna aliyethubutu. Baba alitazama dari. Mama alitazama blauzi, akatazama saa. Mwishowe mwuza mitumba, ambaye alikuwa amerudi kumalizia nusu ya kichwa iliyobaki tangu lile zogo la Jumanne, akashindwa kujizuia. "Mwanangu, wewe ni mzuri sana, ila lebo iko mbele."

Akarudi ndani. Dakika ishirini. Katika dakika hizo ishirini Mama Daktari aliahidi mambo mengi kwa Mungu, mengine hata si ya uwezo wake. Pazia likafunguka tena.

Mwombaji afike mwenyewe, ujumbe ulisema. Alifika mwenyewe pamoja na baba aliyeendesha, mama aliyekaa katikati, na nyuma, kati ya ngazi na makopo ya rangi, Shangazi akiendelea kumsuka mwuza mitumba, maana kichwa nusu hakiachwi. Karani wa udahili, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwatazama wote wakiingia kwa mstari.

"Mwombaji ni yupi?"

Watu wanne wakamwonyesha kwa kidole.

"Abaki huyo. Nyie kaeni kwenye benchi nje."

Wakakaa nje, mbele ya dirisha la kioo, pua nne zikilikaribia.

Ndani, karani akageuza kompyuta. "Udaktari, sheria, uhasibu, hoteli. Una familia yenye mawazo. Unachukua lipi?"

"Hakuna."

Karani akavaa miwani. "Binti. Hii ya udaktari nafasi imetoka. Kuna watu wanaililia."

"Basi wapewe wanaolia kwa ajili yake." Daktari akamsogezea kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la chuo kidogo. "Mimi naomba hiki. Fundi wa meno bandia."

Karani akatafuta, akapekua, akashangaa. "Nafasi zipo tele. Hakuna anayeomba." Akaandika, akachapisha, akaikagua fomu, akagonga kalamu mezani. "Una miaka kumi na saba. Mzazi lazima asaini. Nafunga saa tisa kamili, na mtambo unajifunga wenyewe, usije kuniomba huruma."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika thelathini na tano.

Daktari akatoka na fomu, akaipeleka kwa baba yake. Baba alisoma karatasi kama anavyosoma mabango, kwanza herufi, halafu maana. Ilipomfikia maana, mkono ukashuka.

"Meno," alisema.

"Meno, Baba."

"Meno!" Shangazi akainuka, na kichwa cha mwuza mitumba kikainuka naye. "Kaka yangu, wewe utaitwaje sasa? Baba Meno? Na huyu Mama Meno? Miaka kumi ya heshima, tuje kuishia mdomoni?"

"Ndilo jina zuri zaidi la biashara," alisema mwuza mitumba, akishikilia shingo.

"Mimi niiteni hata Mama Ufizi," alisema mama. "Mtoto ameoga leo."

Baba hakuwasikia. "Nafasi ya udaktari ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Na umeiacha."

"Nimeiacha." Daktari alikaa kwenye benchi. "Baba, huko nako nitaumwa. Si kwamba nikisoma meno nitapona. Kuna asubuhi sitaweza. Nimetafuta tu mahali ambapo nikishindwa, hawatashangaa. Kwenye kile chako ningekufa, Baba. Taratibu tu, hata usingejua."

Shangazi akaketi tena. Saa ikasogea.

"Namba ya huyo matroni," alisema Baba.

Akaipiga yeye mwenyewe, akasimama, akakohoa kidogo kama kawaida yake. "Shikamoo. Hapa unaongea na Baba Dak..." Akaishia hapo. Akatazama fomu. "Hapa unaongea na baba wa yule binti aliyepiga jana."

"Marahaba, mzee!" Sauti ya matroni ilijaza korido nzima. "Anakuja?"

"Nataka kuuliza kwanza. Huyo unayemgongea kila asubuhi. Huwa anafungua?"

"Siku nyingine anafungua. Siku nyingine hafungui."

"Asipofungua?"

"Navuta kigoda, nakaa nje ya mlango namenya viazi mpaka afungue."

"Ikifika mchana?"

"Nakuwa nimemenya viazi vingi."

Baba akageukia ukuta. Pale palikuwa na tangazo la kuzuia uvutaji sigara, lililoandikwa vibaya sana, na akalitazama muda mrefu kuliko lilivyostahili. "Mimi huwa namwambia amka," alisema, si kwa sauti ya kusikika na matroni, labda wala si kwa matroni. "Namwambia amka, halafu naondoka."

"Mzee? Uko hewani?"

"Niko." Akaiweka simu kwenye benchi bila kuikata, akanyoosha mkono. "Kalamu."

Mama akampa. Baba akaiweka fomu kwenye goti, akaanza kusaini. Sasa huyu alikuwa mtu ambaye maishani mwake hajawahi kuandika herufi kwa haraka. Akachora ya kwanza, akaipa mkia. Akaenda ya pili. Karani akagonga kioo na kuonyesha saa: kasoro dakika saba.

"Mzee!" karani akasema kupitia uwazi wa dirisha. "Sahihi tu! Si bango!"

"Usinisukume," alisema Baba. "Nesi amekataza."

"Aliyekatazwa kusukumwa ni mimi, Baba," alisema Daktari, na akaegemea bega lake kutazama zile herufi zikitoka moja moja, nzito, zimenyooka. Ya mwisho aliitilia kivuli. Kasoro dakika tatu. Akampa.

Daktari akaishika kwa ncha mbili kwa kuwa wino ulikuwa bado mbichi, akausukuma mlango kwa bega na kuingia. Nyuma yake Shangazi alikuwa ameshaidaka simu kutoka kwenye benchi.

"Halo, dada yangu," alikuwa akisema, akijiweka sawa. "Mimi ndiye shangazi yake. Hebu niambie, na huyo mwenzake unayemgongea, ni mtoto wa nani?"